Mkomani, Langoni au Shela: mtaa upi wa zamani wa Lamu utakufaa kuishi?

Mwaka jana alinijia muuguzi kijana aliyehamishiwa Lamu kutoka bara. Alikuwa amekaa wiki mbili katika chumba cha wageni kule pwani, juu ya mkahawa, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mvuvi wa usiku. "Dada," akaniambia, "wewe ni mtu wa hapa. Nitafutie mtaa wa zamani, uliotulia. Nikitoka zamu ya usiku nataka nilale tu." Nikamuuliza anataka utulivu wa kuta, wa watu au wa bahari. Akadhani namfanyia mzaha.

Sikuwa na mzaha. Nimezaliwa Langoni, nikaolewa Mkomani, kisha paa la nyumba ya ukweni lilipofumuliwa tukaenda kukodi Shela miaka miwili. Mitaa yote mitatu ni ya zamani, na mgeni akiipitia saa nane mchana, watu wamejilalia, ataapa kwamba imetulia sawasawa. Akikaa mwezi ataona mambo. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha ondoka. Nina upendeleo wangu na sitauficha.

Ukisimama Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya Ngome, upande mmoja una Mkomani na wa pili una Langoni. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia kuelekezana: kaskazini yake Mkomani, kusini Langoni. Njia inayozishona pande hizo mbili ni Usita wa Mui, ambayo wengine huiita Ndia Kuu, na ukuu wake ni wa jina. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mwenye miguu hujibanza mlangoni mwa watu. Shela ni kijiji peke yake, kama kilomita 3 kutoka mjini, dakika 40 kwa miguu kando ya maji au robo saa kwa mashua. Mtu wa nje akisikia mji mkongwe wa Lamu, ule ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, picha inayomjia kichwani huwa ni ya Mkomani: milango ya nakshi, vichochoro vya kivuli, paka ukutani. Basi tuanzie hapo.

Mkomani

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na naamini aliyesema alikuwa dalali wa Mkomani aliyetubu. Milango ya huku inaweza kukutia wazimu. Usitie sahihi kwa ajili ya mlango.

Nyumba ya mawe ya zamani imejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita au zaidi, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kuchagua, kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mashua. Unaingia kwenye daka, penye viti vya mawe kulia na kushoto, unapita tekani, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha msana wa tini na msana wa yuu, vile vyumba virefu vinavyofuatana, mpaka ndani kabisa penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kila hatua unayoingia mwanga unapungua na joto linapungua. Nilipohamia nilikuwa na kabati la milango mitatu nililopewa na wazazi wangu. Halikupita ngazi, halikupita dirisha, likapandishwa kwa kamba kupitia paani na mahamali wanne, na lilipofika likaziba nusu ya chumba. Liko pale mpaka leo kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kulishusha. Pima kabla ya kununua.

Utulivu wa Mkomani ni wa kuta. Injini hazipiti; pikipiki zimeingia kisiwani na kaunti imewahi kuzipiga marufuku mjini, lakini kichochoro chenyewe ndiyo marufuku kubwa zaidi. Mchana unasikia kwato za punda, hatua za watu, watoto wa chuoni wakirudia aya. Usiku unasikia punda mmoja aliyekumbuka jambo saa tisa. Adhana zinatoka kila upande, maana mji una misikiti zaidi ya 20 na mingine imepakana karibu kuta kwa kuta. Kwa mtu aliyezoea ni saa ya ukutani. Kwa mgeni mwenye usingizi mwepesi, wiki ya kwanza ni ngumu, ya tatu hasikii tena.

Ila kuna jambo ambalo hakuna dalali atakuambia. Nyumba hizi zimefungwa kuelekea njiani na kufunguka kuelekea mbinguni. Mtu wa nje hakuoni hata kidogo. Jirani, lakini, sauti yako yampandia kiwandani na kumshukia kwake. Wiki yangu ya kwanza ukweni nilikaa kiwandani nikamnong'oneza dada yangu kwenye simu kwamba mchuzi wa mama mkwe umezidi ukwaju. Kesho yake jirani wa nyuma, mama wa heshima zake, akaja kunisalimia na kisahani mkononi: "Mwanangu, nimekuletea mchuzi usio ukwaju." Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inipokee. Tangu siku ile maneno yangu ya siri huyasemea ndani kabisa, penye zidaka, na nadhani ndiyo kazi ya chumba kile tangu zamani.

Na paani kuna adabu yake. Ukitaka kupanda kuanika nguo au kutafuta mtandao, unakohoa au unapaza sauti kwanza, kwa kuwa kutoka juu unaona viwanda vya wenzako na wanawake waliojiachia nywele. Fundi akiletwa, mwenye nyumba hupita kwanza nyumba za jirani kutoa habari. Mpangaji asiyejua hili hupata jina baya kabla hajapata jirani. Wazee walilielewa jambo la pazia vizuri hata wakajenga wikio, kile chumba kinachoruka njia kutoka nyumba hii hadi ile, watu wa ndani wakatembeleana bila kukanyaga njiani. Zilizobaki si nyingi, lakini ukipita chini yake adhuhuri utajua baridi ya bure ni nini.

Sasa gharama. Nyumba ya mawe inakula pesa kimya kimya. Chumvi hupanda ukutani kutoka chini na lipu ikavimba, ikapukutika kwenye kitanda. Hapo watu hukosea: huita fundi akapiga saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiufunika saruji unyevu unabaki ndani, na miaka michache baadaye bamba zima linadondoka na kuondoka na vipande vya ukuta. Dawa ni chokaa tena, na subira. Ukienda kuangalia nyumba gonga ukuta kwa kidole: ukilia wazi kama ngoma, kuna saruji iliyoachana na jiwe. Halafu tazama boriti pale zinapoingia ukutani. Katikati boriti yaweza kung'aa kwa rangi mpya huku kichwa chake kimeliwa na mchwa. Paa letu lilifumuliwa kwa ajili ya vichwa vinane tu vya boriti, na tulitoka tukijua tunarudi baada ya miezi sita. Tulirudi baada ya miaka miwili.

Kuta hizo hizo zinazokupa baridi zinaua mtandao. Chumbani simu yangu ni saa na tochi. Ukitaka kufanya kazi kwa intaneti, mtambo mmoja hautavuka ukuta. Panga kuweka wa pili, au panga kufanyia kazi juu chini ya makuti, upepo ukikurushia karatasi.

Na kitu cha mwisho, ambacho kwangu ndicho kikubwa: uliza nyumba ni ya nani. Nyumba nyingi za Mkomani ni za mirathi. Mzee amefariki, nyumba ikagawika kwa watoto, mmoja wao akafariki, fungu lake likagawika tena. Utapatana na mtu mpole aliyekaa dakani hapo, kumbe ana sehemu ndogo tu, na mwenzake aliye Mombasa au Jidda ana fikra tofauti kuhusu kodi. Nyingine ni wakfu wa msikiti, zina msimamizi, na hizo mara nyingi zina utaratibu safi zaidi kuliko za ndugu. Omba kuona maandishi kwamba warithi wamekubaliana, na usione haya. Mwenye haki hachukii kuulizwa. Ukinunua, jua pia kwamba mji mkongwe unalindwa kisheria. Kubomoa ukuta au kubadilisha mlango wa nje kunapitia kwa watu wa Makumbusho kwanza, huwezi kuamka tu ukaweka dirisha la aluminiamu.

Langoni

Langoni kelele haifichwi. Alfajiri unasikia mafuta yanachemka kwa mama wa mahamri, baada ya hapo milango ya chuma ya maduka, mahamali wakidai njia, fundi cherehani, redio, watoto wa skuli. Jioni zinawashwa jiko za mishkaki na viazi vya karai, na barazani wazee wanaanza mjadala ambao nilidhani umekwisha nilipokuwa na miaka kumi. Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vikilia mkononi. Kuanzia saa nne usiku pole pole sauti zinapungua, na kama uko vichochoro vitatu ndani kutoka Usita wa Mui, utashangaa: ni kimya, na upepo wa bahari unakufikia.

Nyumba zake si za fahari. Sehemu kubwa ya Langoni ilikuwa ya udongo na makuti, ikajengwa upya kidogo kidogo kwa mawe na matofali, kila mtu kwa mfuko wake. Vyumba ni vya mraba, mwanga unaingia, kabati linapita mlangoni. Joto pia linaingia. Machi na Aprili, upepo ukifa, chumba cha juu chini ya bati ni tanuri, na anayekuambia feni inatosha hajalala humo. Ukipata nyumba ya ghorofa yenye makuti juu ya sakafu ya paa, ichukue. Watu watahama kulala huko juu na wewe pamoja nao. Lakini makuti yana tabu yake, yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto ukishika, katika nyumba zilizoshikana hivi, hakuna anayesubiri kuuliza ni ya nani.

Kwa mpangaji mgeni Langoni ni rahisi kuliko Mkomani. Kuna vyumba viwili viwili vya kukodi, kodi yake si ya kuumiza, na mwenye nyumba mara nyingi anaishi chini yako, kwa hiyo tatizo la bomba unalitatua kwa kugonga sakafu. Majirani watakujua siku ya pili. Siku ya tatu watajua unafanya kazi wapi, na siku ya nne watakuletea mgonjwa, kama wewe ni muuguzi.

Msimu mmoja tu nakuonya. Msikiti wa Riyadha uko Langoni, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh, na mwishoni mwa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ndiko Maulidi yanakofanyika. Wageni wanakuja kutoka pwani nzima na ng'ambo ya bahari, nyumba zinajaa, watu wanalala barazani na paani, matari yanapigwa usiku mpaka unasahau siku. Nilipokuwa mtoto tulipewa mkeka na kuambiwa vitanda ni vya wageni, na hakuna usiku niliolala kwa furaha kama zile. Ukikodi Langoni na Maulidi yakafika, mwenye nyumba anaweza kukuomba umpokelee watu wawili. Mpokelee. Ukishindwa, omba likizo wiki hiyo uende kwenu, lakini usimwambie apunguze sauti.

Shela

Nikiri kwamba Shela ndiko nilikolala vizuri kuliko kote. Vichochoro vina mchanga, hatua hazisikiki. Usiku ni mawimbi tu. Msikiti wa Ijumaa wenye mnara wake wa ajabu, uliojengwa 1829, ndio unaokuamsha, na sauti yake ni moja. Pwani ya mchanga inaendelea kama kilomita 12, na asubuhi nilikuwa naitembea peke yangu kabla watoto hawajaamka.

Lakini ukitulia utasikia utulivu ule una kitu ndani yake. Katika kichochoro chetu milango mitano, mitatu ilikuwa imefungwa karibu mwaka mzima. Ni nyumba zilizonunuliwa na watu wa Ulaya au kugeuzwa za wageni, zinapakwa chokaa kila mwaka, maua yanamwagiliwa, na ndani hamna mtu isipokuwa mlinzi. Mwanangu alikuwa akitoka kucheza na anarudi baada ya robo saa: "Mama, hakuna watu." Ndipo nilipoelewa kwa nini wenyeji wengi wa Shela wanaokaa nyuma, ambako nyumba ni za kawaida, husema wao wako Shela nyingine. Desemba na wakati wa sikukuu mambo yanageuka: muziki wa paani, mashua mpaka usiku, kodi inapanda. Na mwenye nyumba anaweza kukuomba upishe wageni wa wiki mbili wanaolipa zaidi kuliko unavyolipa wewe kwa miezi. Kama hutaki habari hiyo, iandike kwenye mkataba kwamba hutoki.

Kila kitu kinakwenda kwa maji. Kazi mjini, sokoni, skuli ya sekondari, harusi ya binamu. Nauli ya mashua ni ndogo ukiitazama siku moja; ihesabu kwa mwezi, watu wanne. Kwa miguu ni bure, ila bahari ikijaa njia ya pwani inaliwa sehemu sehemu, na wakati wa kusi mkondo unachafuka hata manahodha wanapunguza safari. Nilijifunza kusoma maji kupwa na kujaa kabla ya kupanga lolote.

Usiku mmoja mtoto alipata homa kali saa saba. Mume wangu alikuwa safarini. Nahodha jirani nilimgongea, akaamka bila kulalamika, maji yakawa yamekupwa na mashua iko kwenye mchanga. Wakaja vijana wanne kuisukuma huku nimempakata mtoto ndani ya kanga. Tulifika mjini, akatibiwa, akapona. Watu wa Shela nawadai shukrani mpaka leo. Lakini asubuhi ile nilimpigia mume wangu simu nikamwambia amalize lile paa.

Maji, hospitali na kuhama

Maji ya mji mzima asili yake ni visima vya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua inanyea mchanga, inachujwa, inakaa chini. Ndiyo sababu mtu akianza kujenga juu ya matuta, wazee wa mjini wanapandwa na hasira ambazo mgeni hazielewi. Popote utakapokaa, usitegemee bomba litoe saa zote. Uliza mwenye nyumba ana tangi la kiasi gani na liko juu au chini. Mkomani nyumba nyingi zina kisima chake, maji yake yana chumvichumvi, yanafaa kuoga na kufulia. Ukiona birika la chooni lina visamaki usimwambie mtu avitoe. Vinakula viluwiluwi vya mbu, vimewekwa kwa kazi hiyo.

Hospitali ya King Fahd iko upande wa Langoni, nje kidogo ya msongamano. Kwa mtu mwenye mzazi mzee au mimba, jambo hili lapita mlango wa nakshi mara mia. Kutoka Mkomani ya kaskazini mgonjwa asiyeweza kutembea anabebwa kwa kiti au mkokoteni hadi pwani. Nimeliona, na kupindisha kiti kwenye kona ya kichochoro ni kazi ya watu wanaojuana.

Mifereji ya maji machafu ipo wazi sehemu nyingi za mji, Mkomani na Langoni. Mvua ya masika ikishuka, iliyo chini inafurika. Nenda uangalie nyumba siku ya mvua. Siku ya jua kila kichochoro ni kizuri. Shela mchanga unanywa maji, kwa hili imeishinda mitaa yote miwili.

Sokoni: la zamani liko jirani na Ngome, kwa hiyo Mkomani ya kusini na Langoni ya kaskazini ndiyo mahali pazuri. Samaki unamchagua mwenyewe akiwa bado macho yake yanang'aa. Shela utamsubiri anayepita, na utakula alichobakiwa nacho.

Kuhama ni hamali, mkokoteni au punda, na ngazi za Mkomani ni mwinuko wa kupanda mnazi. Lipa vizuri, toa sharubati baridi, na usisimame kichochoroni ukitoa amri. Wale watu wanajua kona zote.

Nani aende wapi

Mwenye wazazi wazee wanaopenda baridi na ibada, na pesa ya kutengeneza nyumba kila mwaka, nitampeleka Mkomani, chini, karibu na msikiti, si mbali na Ngome. Mwenye watoto wadogo aende Mkomani au Langoni, popote penye kichochoro chenye bibi anayekaa dakani, kwa kuwa bibi huyo ndiye ulinzi, ni taarifa ya habari na ni mlezi wa akiba. Anayeandika kitabu, au waliooana juzi wasiotaka kuonwa na mtu, Shela kwa mwaka mmoja, na watie hesabu ya mashua. Kijana wa kazi peke yake, Langoni, bila kufikiri mara mbili. Mwanamke mgeni anayeishi peke yake ataulizwa maswali mengi kote, lakini Langoni atayajibu mara moja tu na yataisha, ilhali Mkomani ataulizwa kwa upole miezi sita.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ukae dakani pa nyumba hiyo baada ya sala ya isha, nusu saa. Usivae saa ya mgeni wala kushika simu. Mpita njia akikusalimia na kuuliza wewe ni nani, mtaa una watu. Akipita bila salamu, labda umefika kichochoro cha nyumba zilizofungwa. Kisha rudi saa kumi alfajiri ujue jirani yako ana punda wangapi.

Mimi leo nikiambiwa nichague upya, ningechukua nyumba ndogo pale mpakani, nyuma ya Ngome, Mkomani kwa anwani na Langoni kwa mahamri. Zipo chache na wenyewe hawatoki.

Yule muuguzi, baada ya maneno yangu yote, alikwenda kuupenda mlango wa Mkomani. Nilimwacha. Warithi walikuwa saba na wa saba hakupokea simu. Akaishia kwenye vyumba viwili vya juu huko Langoni, kichochoro cha nne kutoka Usita wa Mui, dakika chache kutoka kazini. Mwezi wa kwanza alinipigia akilia: jirani wa chini anatwanga kinu saa tatu asubuhi, wakati yeye ndiyo kwanza anafumba macho. Anataka kuhama.

Nikamwambia, mwanamke mwenzako, teremka umwambie. Chukua kitu mkononi. Alishuka na mkate wa duka na maneno aliyoyapanga. Yule mama alimsikiliza, akamwuliza kazi gani hiyo ya kulala mchana, akaambiwa, na siku hiyo hiyo kinu kikahamia alasiri. Watoto wa kichochoro wakaambiwa daktari amelala, mpira ukapelekwa mbele. Kwa malipo alitakiwa ampime mama huyo presha kila Jumamosi.

Jumamosi iliyopita nilipita kumsalimia. Dakani walikuwapo wanawake wanane, wamejipanga mikono imekunjuliwa, na wawili zaidi walikuwa wanakuja na buibui zao kutoka upande wa Mkomani.